SOMO LA WIKI: Oda ya maua ya siku ya kuzaliwa Bariadi, na mahali faida inapopotelea

Biashara ya maua hapa nchini imezoeleka kutazamwa kama biashara ya Arusha na ya ndege. Waridi hukatwa asubuhi na mapema katika mashamba ya pembezoni mwa Mlima Meru, hufungwa katika maboksi, hupelekwa uwanja wa ndege, mara nyingi kwa kupitia Nairobi, na baada ya muda mfupi huwa katika ndoo ya muuza maua wa Ulaya. Waridi hilo hilo likitakiwa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, safari yake ni ngumu zaidi kuliko ile ya Uholanzi. Hakuna gari la baridi, hakuna soko la jumla la maua, na mteja ni mmoja tena wa siku moja.

Hata hivyo mteja huyo yupo, na fedha anayo. Somo la wiki hii linamhusu mfanyabiashara mdogo mwenye mtaji wa Sh. milioni 3, kwa mfano mtumishi mstaafu aliyebakiwa na kiasi hicho katika kiinua mgongo chake, ambaye ameshauriwa na vijana wake afungue duka la maua Bariadi lenye jokofu la kioo. Fedha hizo hazitapatikana mara ya pili. Kabla hazijaingia katika jokofu, hesabu yake inafaa ifanywe kwenye karatasi.

Mnunuzi hayuko Bariadi

Mfanyabiashara anayepita mitaa ya Bariadi akiuliza nani angenunua maua kwa siku ya kuzaliwa atarudi akiwa amekata tamaa. Kwa wengi mjini humo siku ya kuzaliwa, ikisherehekewa, ni keki, soda, kuku na kumwagiwa maji. Maua ni ya harusi na msiba. Hata neno lenyewe lina mtego: mteja akisema "shada la maua" bila maelezo, mtengenezaji aliyezoea misiba anaweza kusuka lile la duara la kuwekwa kaburini. Shada la namna hiyo likifika kwa mama anayetimiza miaka 60, hakuna punguzo la bei litakalomtuliza mwanawe. Kwa hiyo jambo la kwanza katika oda ni kuhakikisha pande zote mbili zinazungumzia fungu la kushika mkononi, ambalo vijana huliita boke.

Kosa la mtafiti wa mitaani ni kumuuliza mpokeaji badala ya mnunuzi. Simiyu ilitangazwa rasmi kuwa mkoa mwaka 2012, baada ya kumegwa kutoka Shinyanga, na tangu hapo ofisi za serikali, benki, hospitali na shule zimeleta Bariadi watumishi ambao wenza, wazazi na marafiki wao wako Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Arusha. Kwa upande mwingine, vijana wa Somanda, Nyakabindi, Dutwa na Maswa waliosoma wametawanyika nchini na nje ya nchi. Hawa ndio wanunuzi. Wana mshahara, wana simu, na wana deni la moyo kwa mtu waliyemwacha nyumbani. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, wamezoea kutuma fedha nyumbani kwa simu. Kinachokosekana ni mtu wa kuipokea fedha hiyo na kuigeuza kuwa kitu kinachobisha hodi mlangoni siku yenyewe.

Hapo ndipo tofauti na duka la kawaida inapoanza. Mnunuzi wa mbali haoni ua, halinusi, wala hawezi kulirudisha. Anachonunua ni tarehe. Keki ikichelewa hadi kesho yake bado ni keki, lakini boke la siku ya kuzaliwa likifika siku inayofuata ni aibu iliyolipiwa.

Hesabu ya jokofu

Bei zinazofuata ni za mfano tu, na kila mfanyabiashara aweke zake baada ya kupiga simu Mwanza na Arusha.

Ichukuliwe kuwa jokofu la kioo ni Sh. 1,800,000 na fremu ni Sh. 100,000 kwa mwezi, ikalipiwa miezi sita kwa mkupuo. Kabla ua la kwanza halijaingia, Sh. 2,400,000 zimeondoka. Kisha mwenye duka ananunua waridi 100 kwa Sh. 1,000 kila moja na kulipa Sh. 25,000 za usafiri na ufungaji. Ua moja sasa limemgharimu Sh. 1,250. Akiliuza kwa Sh. 3,000 anajiona anapata zaidi ya mara mbili. Faida hiyo ni ya macho tu.

Akiuza maua 40 kwa wiki na 60 yakanyauka, ameingiza Sh. 120,000 kwa mzigo wa Sh. 125,000. Amepata hasara ya Sh. 5,000, na hapo kodi na umeme bado. Vikihesabiwa hivyo viwili kuwa Sh. 35,000 kwa wiki, ni lazima auze maua 54 kila wiki ili asipate wala asipoteze. Hayo ni maboke manne na nusu ya dazeni moja moja, wiki baada ya wiki, mwezi wa njaa na mwezi wa pamba. Inawezekana katika wiki ya Februari 14 au wakati wa mahafali. Mwezi wa Januari, ada za shule zinapolipwa, ni vigumu mno.

Ifahamike pia kwamba jokofu lenyewe si kinga kamili. Waridi hukaa vema katika baridi ya nyuzi kama 2 hadi 4, bila kukatikakatika. Umeme ukikatika mchana kutwa, kazi ya siku tatu imeharibika. Jokofu la kawaida pia haliachwi kuwa la maua peke yake. Baada ya wiki mbili huwa na soda, maji na ndizi za mwenye duka. Ndizi mbivu hutoa hewa iitwayo ethilini, ambayo huyazeesha maua kabla ya siku zake. Wauza maua wengi wamelaumu mashamba kwa kosa lililokuwa katika friji yao wenyewe.

Katika mnada mkubwa wa Aalsmeer huko Uholanzi, ambako waridi la Kenya ni bidhaa ya kila siku, bei haipandi kama katika minada ya ng'ombe ya Usukumani. Mshale wa saa huanzia bei ya juu na kushuka, na wa kwanza kubonyeza ndiye mnunuzi. Mwenye maua dukani Bariadi anao mshale kama huo ingawa hauoni. Unashuka usiku na mchana, na asipotokea wa kubonyeza unaishia sifuri.

Hesabu ya oda

Upande wa pili ni mfanyabiashara asiyeweka ua hata moja. Anapokea oda ya Sh. 60,000, fedha yote mbele, siku mbili kabla. Anaagiza kwa muuza maua wa Mwanza waridi 12 zikiwa zimefungwa, kwa Sh. 25,000. Kifurushi cha basi ni Sh. 5,000, bodaboda ya Bariadi Sh. 3,000, makato ya kutuma na kutoa fedha pamoja na simu Sh. 2,000. Jumla ni Sh. 35,000, na mkononi zinabaki Sh. 25,000.

Fedha hizo si zake zote. Kuna oda zitakazoharibika: basi litaharibika njiani, boksi litakaliwa, mpokeaji atakuwa amesafiri kwenda Mwanhuzi. Akikadiria oda moja katika kumi kurejeshewa fedha, inampasa atenge Sh. 6,000 katika kila oda. Zinabaki Sh. 19,000. Ni kipato kizuri kwa kazi ya nusu siku ambayo haikufunga mtaji wowote.

Sasa aingie mtu wa kati. Kijana wa Dar es Salaam mwenye wafuasi wengi mtandaoni anapokea oda za nchi nzima na kuzigawa, akikata asilimia 20. Hiyo ni Sh. 12,000 katika 60,000. Mfanyabiashara wa Bariadi, aliyebeba boksi, jua na lawama, amebakiwa na Sh. 7,000. Siku mbili mbaya katika mwezi zinatosha kuzimaliza.

Marekani waliyapitia haya

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1910 kundi la wauza maua wa Marekani walikubaliana kubadilishana oda kwa telegrafu, ili mtu wa mji mmoja aweze kumpelekea ua mtu wa mji mwingine bila ua kusafirishwa. Ndiyo ikazaliwa FTD, ambayo herufi zake mwanzoni zilimaanisha upelekaji wa maua kwa telegrafu. Wazo lilikuwa la akili nyingi, kwamba ua libaki pale lilipo na ujumbe ndio usafiri. Katika mgawanyo uliozoeleka kwa miaka mingi, duka lililopokea oda lilibaki na asilimia 20, chama kikachukua kama 7, na duka lililotengeneza na kupeleka likapata 73 hivi.

Kwa miji midogo ya majimbo ya kati, yenye mahindi na soya kama Simiyu ilivyo na pamba na dengu, mpango huo uliendelea vizuri maadamu kila duka lilikuwa likituma na kupokea. Duka la mji mdogo lilipoteza kidogo kwa oda zilizoingia, likafidia kwa zile lilizotuma. Mizani iliharibika walipotokea wapokea oda wasio na duka, kwanza kwa simu na baadaye kwa intaneti. Hao hawakutengeneza ua hata moja. Walikata ada ya huduma kwa mteja, wakakata na asilimia yao, kisha wakalipa duka la mji mdogo kilichobaki na kulitaka litengeneze boke lifanane na picha. Wengine walijitangaza kwa majina ya miji wasiyowahi kuifika, hadi baadhi ya majimbo yakatunga sheria za kuwazuia wauza maua kudanganya mahali walipo. FTD yenyewe, baada ya zaidi ya karne moja, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Juni 2019.

Wamarekani waliojifunza kwa gharama wanapeana ushauri mmoja: anayetaka maua yafike mji mdogo atafute duka lililo katika mji huo na alipigie simu moja kwa moja, azungumze na mtu atakayelishika ua. Fedha yote inafika kwa mtengenezaji, na boke linakuwa kubwa zaidi kwa bei ile ile. Kwa mfanyabiashara wa Bariadi ushauri huo unasomwa kinyume: namba yake ya simu ifike kwa mnunuzi wa Dar es Salaam kabla ya namba ya mtu wa kati. Asilimia 20 inaweza kulipwa kwa oda ya kwanza kama gharama ya kumpata mteja. Kwa oda ya pili ya mteja yule yule, haina sababu. Kadi ndogo yenye namba ya duka la Bariadi, ikiambatana na ua, hutazamwa na mpokeaji, na mpokeaji ndiye humwambia mwanawe, "Mwanangu, kumbe hawa wako hapa hapa mjini."

Oda inavyoandikwa

Hasara nyingi za biashara hii huanzia kwenye daftari, siku mbili kabla basi halijawashwa. Jina la mpokeaji liandikwe linavyojulikana mtaani, si kwenye cheti tu, kwa kuwa bodaboda akiuliza "Bi. Magdalena" anaweza kuzunguka saa nzima kumtafuta mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Mama Kulwa. Namba ya pili ya simu ni ya lazima, iwe ya jirani au mtu wa nyumbani, maana simu ya mpokeaji mara nyingi iko kwenye chaji. Nyumba za Bariadi zinatambuliwa kwa alama: nyuma ya kanisa fulani, mkabala na mashine ya kusaga, baada ya kisima. Maelezo hayo yaandikwe kama yalivyosemwa.

Maneno ya kadi yasomwe tena kwa mteja herufi kwa herufi. Kisha liulizwe swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: je, ua lipelekwe nyumbani au kazini, na mtumaji ni nani kwa mpokeaji? Kijana asiyejulikana akibisha hodi na waridi jekundu nyumbani kwa mke wa mtu, na mume ndiye aliyefungua mlango, biashara inaweza kugeuka kesi. Mpelekaji afundishwe kuanza na salamu na jina la mtumaji, kabla ya ua: "Shikamoo mama. Nimetumwa na mwanao Juma wa Dodoma, anakutakia heri ya siku ya kuzaliwa." Maneno hayo machache hufungua geti lililofungwa. Ikiwezekana, kazini ni bora. Mwalimu akipokea boke katika ofisi ya walimu, wenzake kumi wameona tangazo lisilolipiwa.

Linalofuata ni ruhusa ya kubadilisha. Waridi jekundu linaweza kukosekana Mwanza siku hiyo. Mteja aulizwe mapema ikiwa anakubali rangi nyingine au ua jingine la thamani ile ile, na jibu lake liandikwe. Bila ruhusa hiyo, duka limejifunga kwa kitu ambacho haliwezi kukihakikisha.

Kuhusu malipo, nusu kabla na nusu baadaye ni desturi nzuri kwa fundi wa viti, lakini kwa ua la oda haifai, kwani mteja akitoweka ua halina mnunuzi mwingine. Fedha yote itangulie. Hata hivyo mteja wa mbali ana haki ya kuogopa. Matapeli wa "tuma kwa namba hii" wamewaumiza wengi. Namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la biashara, si jina la mtu, humtoa wasiwasi kuliko maneno mengi. Aidha, atumiwe picha ya boke kabla halijatoka, na nyingine ya mpokeaji akilipokea, kama mpokeaji ameridhia kupigwa picha. Leseni ya halmashauri ya mji na namba ya mlipakodi viwepo tangu mwanzo, maana ofisi zitakazotaka maua ya kuwaaga wastaafu hazilipi bila risiti.

Safari ya basi

Kutoka Mwanza, basi hufuata barabara ya Musoma kupitia Magu hadi Lamadi, kisha huacha njia kuu na kwenda Bariadi kwa lami ya kilomita 71.8. Lami hiyo imeibadilisha biashara hii kuliko jokofu lolote, kwa sababu ua hufa kwa joto na kwa kutikiswa. Kutoka upande wa Shinyanga kuna lami ya Mwigumbi na Maswa, na ndiyo njia ya mzigo unaotoka Arusha kwa kupitia Singida. Tangu serikali ilipoyaruhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, mzigo wa Arusha unaweza kupita sehemu kubwa ya njia wakati wa ubaridi. Kwa oda moja moja, Mwanza bado ni nafuu zaidi.

Ratiba ya busara ni hii. Maua yanunuliwe Mwanza jioni, yalale ndani ya maji safi, yafungwe alfajiri na kupanda basi la kwanza. Ncha za vikonyo zizungushiwe karatasi au pamba iliyolowa, kisha mfuko wa plastiki. Boksi liwe na matundu na liandikwe upande wa juu ni upi. Kondakta alipwe vizuri na aelezwe kwa heshima kuwa boksi hilo halikai juu ya injini wala halilaliwi na gunia. Mabasi ya Mwanza hubeba samaki na dagaa, na boke lililokaa saa tatu juu ya dagaa halifai kwa siku ya kuzaliwa hata likiwa bichi namna gani. Namba ya basi, jina la kondakta na saa ya kuondoka vitumwe kwa ujumbe.

Maua yakifika Bariadi yasikimbizwe moja kwa moja kwa mpokeaji. Vikonyo vikatwe upya kwa mshazari, sentimita mbili hivi, majani yatakayozama yaondolewe, na maua yasimame katika maji kivulini kwa saa mbili. Waridi lililoinamisha shingo mara nyingi huinuka tena. Ndoo iwe safi kama sufuria ya maziwa. Bakteria wa ndoo chafu huziba vikonyo, na ua hufa kwa kiu likiwa ndani ya maji.

Alizeti na pamba

Yote hayo yanahusu waridi la kuletwa. Ila Simiyu ina ua lake lenyewe, na watu wanalipita kila siku wakilihesabia mafuta tu. Alizeti ni ua la boke linaloheshimika katika maduka ya Ulaya na Marekani. Jimbo la Kansas limelifanya kuwa alama yake. Likikatwa asubuhi, petali za njano zikianza tu kufunguka, hukaa vizuri katika maji kwa siku kadhaa. Mbegu ya mafuta hutoa kichwa kikubwa kinachoinama, lakini ikipandwa kwa kubanana sana vichwa huwa vidogo vinavyofaa mkononi. Mistari michache ikipandwa kila baada ya wiki mbili, nyuma ya nyumba yenye maji ya bomba au kisima, maua hupatikana kwa zamu baada ya takriban miezi miwili. Gharama ni mbegu na maji. Boke la alizeti tano, majani ya bustani na utepe, bila basi, linaweza kuuzwa nusu ya bei ya waridi na bado likaacha faida kubwa kuliko lile la Mwanza.

La pili ni pamba. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa zao hilo nchini, na Wazungu hununua matawi makavu yenye vitumba vilivyopasuka kwa kupamba meza na kufunga maboke yasiyonyauka. Kwa mfanyabiashara wa oda hiyo ni bima: basi likikwama Magu na waridi likaiva ndani ya boksi, boke la pamba liko kabatini tayari, na mteja anapigiwa simu achague kati ya hilo na fedha zake. Hapa kuna tahadhari. Masalia ya pamba huamriwa kung'olewa na kuchomwa baada ya mavuno ili kuua wadudu, na ununuzi wa pamba una taratibu zake kupitia vyama vya ushirika vya msingi. Kabla ya kukusanya matawi, afisa wa Bodi ya Pamba aulizwe, na matawi yachaguliwe yasiyo na wadudu.

Milioni tatu zigawanywe vipi

Kwa mwenye mtaji uliotajwa mwanzo, mgao unaoingia akilini ni huu. Ndoo, mikasi, karatasi, utepe na kadi visizidi Sh. 250,000. Simu yenye kamera nzuri Sh. 400,000, kwa kuwa ndiyo dirisha la duka. Kitalu cha alizeti, mbegu na mpira wa maji Sh. 350,000. Akiba ya kurejeshea wateja fedha Sh. 500,000, ikae katika akaunti ya peke yake isiyoguswa kwa matumizi ya nyumbani. Mzunguko wa miezi ya kwanza Sh. 500,000. Hizo ni milioni 2. Milioni inayobaki haina kazi dukani. Inaweza kukaa benki au katika Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ikisubiri. Mapatano yafanywe pia na mwoka keki wa mjini, kwani mteja aliyekwisha kulipia ua hukubali kuongeza keki kwa simu ile ile, na bodaboda ni mmoja.

Jokofu linunuliwe pale daftari litakapoonyesha maua 54 kwa wiki kwa miezi mitatu mfululizo, Januari ikiwa mmojawapo.

Daftari lenyewe ndilo mali ya biashara hii. Kila oda ya siku ya kuzaliwa inakuja na tarehe, na tarehe hiyo itarudi mwakani bila kutangazwa. Mwenye majina 200 yenye tarehe anajua tangu sasa wiki zipi zitakuwa na kazi, na ujumbe wa heshima siku saba kabla humkumbusha mtoto aliyesahau. Lakini majina, simu na tarehe za kuzaliwa ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu. Mteja aombwe ridhaa ya kukumbushwa, na daftari lisiuzwe wala kuazimwa kwa mtu yeyote, hata mwenye duka la nguo aliye ndugu.

Ugumu utakaojitokeza mapema ni wazee. Wengi wa umri mkubwa Usukumani hawana tarehe ila majira. Aliyeitwa Mabula aliletwa na mvua, na aliyeitwa Nzala alizaliwa wakati wa njaa. Mtoto akipiga simu kutaka maua ya baba yake wa Itilima asiyejua siku aliyozaliwa, asirudishwe. Ashauriwe achague siku pamoja na ndugu zake, iandikwe daftarini kuanzia mwaka huo, na kama hawana wanayoipendelea, Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara inafaa: nduguze watakuwa na nauli ya kwenda nyumbani, na basi la asubuhi kutoka Mwanza litamkuta mzee akiwa na watu wake.